Usimwache nyumbani mtoto mwenye ulemavu likizo hii

Na DAKTARI WETU

LIKIZO ya Desemba inapokaribia, jamaa nyingi za Nairobi, Nakuru na Eldoret huanza kupanga safari ya Pwani. Watoto huahidiwa bahari, ngamia wa ufuoni na bustani za michezo ya maji. Lakini katika nyumba kadha kuna mtoto mmoja ambaye jina lake halimo katika orodha ya wasafiri. Huyo hupelekwa kwa nyanya yake kijijini au huachwa na yaya, kwa sababu ana kifafa, au hawezi kutembea, au ana usonji na hupiga mayowe mahali penye watu wengi.

Wazazi wanaofanya hivyo si wakatili. Wana hofu. Wanajiuliza watafanya nini mtoto akianguka kifafa akiwa majini, au akipotea katika umati, au dawa zikiisha wakiwa mbali na daktari wao. Hofu hiyo ina msingi, kwani safari ina hatari zake kwa mtoto wa aina hii. Hata hivyo, hatari nyingi zinajulikana mapema, na jambo linalojulikana mapema huweza kuzuiwa. Juma hili ningependa kukueleza, msomaji, jinsi ya kumpeleka mtoto huyo likizoni na kumrudisha salama.

MWONE DAKTARI MAPEMA

Usingoje hadi siku ya kuamkia safari. Mpeleke mtoto kwa daktari wake angalau wiki nne kabla, na umwulize maswali matatu. La kwanza: je, joto la Pwani litaathiri ugonjwa wake au dawa zake? La pili: akizidiwa nifanye nini katika dakika tano za kwanza? La tatu: ni michezo gani asiyopaswa kucheza kabisa?

Omba pia barua ya ukurasa mmoja. Iandikwe jina la ugonjwa, uzito wa mtoto, kila dawa anayotumia na kipimo chake kwa miligramu, pamoja na vitu vinavyomdhuru. Dawa ziandikwe kwa majina yao halisi, si kwa majina ya kampuni pekee. Daktari wa Malindi au Diani hawezi kujua "zile tembe ndogo nyeupe" ni zipi, na saa nane za usiku si wakati wa kukisia. Ipige barua hiyo picha kwa simu yako na umpe nakala mtu mzima mwingine mnayesafiri naye.

Unapotafuta hoteli, usiulize tu kama "inapokea watoto walemavu". Karani atakujibu ndiyo bila hata kufikiri. Pima upana wa kiti cha magurudumu cha mtoto wako, kisha uliza mlango wa chumba na wa bafu una upana gani. Uliza kama kuna vyumba vya chini visivyo na ngazi, kama kidimbwi cha kuogelea kimezungushiwa ua wenye lango, na kama umeme ukipotea kuna jenereta. Uliza vilevile hospitali iliyo karibu ni ipi na gari huchukua muda gani kufika. Mombasa kuna hospitali kubwa kadha, ikiwemo ile ya rufaa ya Coast General. Ukiwa Pwani ya Kusini kuna ya Msambweni. Weka nambari hizo kwenye simu kabla hujatoka nyumbani.

DAWA ZISIPANDE BUTI

Jambo linaloharibu likizo nyingi za watoto wenye kifafa si bahari wala joto. Ni kukosa dawa na kukosa usingizi. Nilimtibu kijana wa miaka tisa ambaye alikuwa amekaa miezi minane bila kuanguka. Familia ilipanda basi la usiku kwenda Mombasa na mfuko wa dawa ukatiwa ndani ya sanduku, sanduku likatiwa kwenye buti. Dozi ya jioni ikapita. Mtoto naye hakulala kwa msisimko na kelele za njiani. Walipofika alfajiri, alianguka mara tatu kabla ya saa nne. Ugonjwa wake haukuwa umezidi. Ni mpango wa safari uliokuwa mbaya.

Kwa hivyo, beba dawa za siku zote za safari na za wiki moja zaidi. Zigawe katika mifuko miwili, na yote miwili ikae mikononi mwenu, si kwenye buti. Ziache ndani ya vifurushi vyake vyenye maandishi ya duka la dawa. Tega kengele ya simu kwa kila dozi, kwa maana likizoni saa za kula na kulala huvurugika. Ukiweza, safiri mchana ili usingizi wa mtoto usikatizwe.

Pwani kuna unyevu mwingi hewani, na unyevu huharibu baadhi ya dawa. Tembe za kabamazepini, ambazo wengi huzijua kwa jina la Tegretol, zikipata unyevu huweza kupoteza hadi thuluthi moja ya nguvu zake. Usiziweke bafuni wala dirishani. Ziache katika pakiti yake ndani ya mkebe unaofunga vizuri, mahali pakavu na penye kivuli. Mtoto anayetumia baklofeni kwa ajili ya misuli iliyokakamaa asiiache ghafla hata kwa siku moja au mbili, kwani kuikatiza kunaweza kumletea homa, degedege na kuchanganyikiwa.

Kuna pia dawa zinazozuia jasho. Miongoni mwake ni topirameti ya kifafa, na ile inayojulikana kwa jina la Artane, wanayopewa baadhi ya watoto kupunguza mate au misuli inayojinyonga. Mtoto asiyetoka jasho hupandwa na joto la mwili upesi. Usiziache bila ushauri wa daktari, lakini mtoto huyo mweke kivulini na umpanguse kwa maji mara kwa mara.

NJIANI

Tangu 2017 treni ya Madaraka Express imewarahisishia wengi safari hii. Kutoka stesheni ya Syokimau hadi Miritini ni mwendo wa saa tano au sita, na mtoto anaweza kuinuliwa na kunyooshwa njiani. Nunua tikiti mapema kwa sababu Desemba hujaa. Jua pia kwamba stesheni abiria na mizigo hukaguliwa, na mbwa wa kunusa hupitishwa kwenye mabegi. Mtoto anayeogopa mbwa au kelele aelezwe mapema, na ufike na muda wa kutosha ili msiharakishwe.

Mkienda kwa gari, ni takriban kilomita 480. Msingoje hadi Mtito Andei, ambako ni karibu nusu ya njia, ndipo mpumzike. Mtoto asiyeweza kujigeuza mwenyewe huanza kuumia ngozi ya makalio baada ya muda mfupi. Mwinue kila baada ya saa moja au mbili, umkague ngozi, na umbadilishe nepi iliyolowa mara moja. Kwa ndege, ijulishe kampuni angalau siku mbili kabla kwamba una mtoto wa kiti cha magurudumu.

Wanaokwenda Diani si lazima wapite katika msongamano wa kivuko cha Likoni. Barabara ya Dongo Kundu huwawezesha kutoka upande wa Miritini hadi Pwani ya Kusini bila kupanda feri. Mkipanda feri, mteremshe mtoto kwenye mteremko kinyumenyume, mgongo wa kiti ukitangulia, ili asichomoke na kuanguka kifudifudi.

JUA NA JOTO

Kuanzia Desemba hadi Machi joto la Mombasa hupita nyuzi 30 mchana. Mtoto anayesema huomba maji. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo, asiyeweza kusema wala kufikia kikombe, hukaa na kiu yake kimya. Mpe maji kwa saa, si kwa kuomba, na utazame mkojo wake. Ukiwa wa manjano iliyokolea, hajanywa ya kutosha.

Mtoto wa seli mundu anahitaji maji mengi kuliko wengine, maana damu yake ikikosa maji huganda katika mishipa na kumletea maumivu makali. Maji baridi ya kidimbwi nayo huweza kuyaanzisha. Aingie maji yakiwa yamepata joto la jua, akae muda mfupi, kisha akaushwe na kuvishwa nguo kavu papo hapo.

Mtoto mwenye ulemavu wa ngozi asikae juani kati ya saa nne asubuhi na saa kumi alasiri. Avae shati la mikono mirefu, kofia pana na miwani ya jua, na apakwe mafuta ya kukinga jua yenye nambari 30 au zaidi, yakirudiwa kila baada ya saa mbili na kila atokapo majini.

MAJINI

Hapa ndipo penye hatari kubwa zaidi, na hapa ndipo ninapokuomba usome polepole. Mtoto mwenye kifafa anaweza kuogelea, lakini kwa masharti. Awe amekunywa dawa zake zote, amelala vizuri na hana homa. Awe na mtu mzima wake mmoja ndani ya maji, si kwenye kiti cha ukingoni, aliye umbali wa kumfikia kwa mkono, anayejua kuogelea na anayejua mtoto ana kifafa. Mlinzi wa kidimbwi ana watu wengi wa kuwatazama, hatoshi. Kidimbwi cha maji maangavu ni bora kuliko bahari, maana chini panaonekana. Mvishe vazi la rangi kali. Maboya ya hewa ya mikononi si kinga. Ni vitu vya kuchezea.

Akianguka kifafa akiwa majini, mgeuze uso uangalie juu na ushikilie kichwa chake kisizame. Usijaribu kuzuia mitupo ya mwili. Msogeze pole pole hadi maji mafupi na umtoe mitupo ikipungua. Asipopumua, apuliziwe hewa mdomoni na kifua kibonyezwe mara moja huku msaada ukiitwa. Hata akipata fahamu na kuonekana mzima, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo, kwani huenda amevuta maji mapafuni.

Akianguka nchi kavu, tazama saa. Mlaze ubavu, legeza nguo za shingoni, ondoa vitu vigumu vilivyo karibu. Usimtie kijiko wala kidole mdomoni, usimnyweshe maji. Ikipita dakika tano bila kutulia, mpe dawa ya dharura ikiwa daktari alikupa na kukufundisha, na umkimbize hospitali. Na bafuni usisahau: aoge kwa bomba la mvua badala ya hodhi, na mlango usifungwe kwa komeo.

Kwa mtoto wa kiti cha magurudumu, soma bahari kwanza. Pwani yetu maji hupanda na kushuka zaidi ya mita tatu wakati wa bamvua. Mchanga mkavu wa juu huyameza magurudumu, bali maji yakipwa huacha mchanga mgumu ambao kiti hupita bila taabu. Waulize wenyeji saa za kupwa na kujaa. Beba pampu, viraka na spana. Kiti kikipata pancha, fundi wa baiskeli wa mtaa wowote anaweza kukisaidia.

Mtoto aliyezaliwa na mgongo wazi mara nyingi hana hisia miguuni. Mchanga wa saa sita mchana humchoma na matumbawe humkata bila yeye kujua. Avae viatu hata majini, na jioni ukague nyayo zake. Wengi wa watoto hawa pia hudhurika na mpira wa asili, unaotumiwa kutengenezea baluni na kofia nyingi za kuogelea. Sherehe ya baluni yaweza kumbana kifua.

BUSTANI ZA MICHEZO

Bembea, magari ya kugongana na mabomba ya kutelezea hupewa masharti ya kimo na umri. Kwa mtoto wako hayo hayatoshi. Jiulize: je, anaweza kuinua kichwa chake mwenyewe? Anaweza kuketi bila kushikiliwa na kujishikilia kwa mikono miwili? Ikiwa hawezi, mchezo wa kasi au wa mishtuko haumfai. Usimpakate mapajani kwenye bomba la kutelezea ukidhani unamlinda. Mguu wake ukikwama ukutani, uzito wako ndio unaouvunja.

Watoto wenye ugonjwa wa Down wengine huwa na viungo vilivyolegea shingoni. Ikiwa wako analalamika shingo, ameanza kutembea vibaya, mikono imelegea au anajikojolea ilhali alikuwa ameacha, asipande mchezo wowote mpaka aonwe na daktari. Mtoto aliyewekewa mrija wa kutoa maji kichwani akiumwa kichwa, akitapika na kusinzia, usiseme ni jua. Mpeleke hospitali, mrija huenda umeziba.

Taa za kumetameta? Ni wachache tu kati ya wenye kifafa ambao taa hizo huwaangusha. Kama daktari hajakuambia wako ni mmoja wao, usimnyime burudani.

Wa usonji, adui yake ni foleni, kelele na mabadiliko ya ghafla. Mwonyeshe picha za mahali mnapokwenda siku kadha kabla, na umweleze mpango wa siku kwa mpangilio ule ule kila mara. Nenda lango linapofunguliwa, siku ya katikati ya juma. Bebeni vifuniko vya masikio na kitu anachokipenda. Chagueni kona tulivu ya kukimbilia akizidiwa, na mwondoke kabla hajachoka, si baada. Badala ya bustani ya kelele, wengine hufurahi zaidi Haller Park kule Bamburi, wakiwalisha twiga chini ya miti.

Zaidi ya yote, watoto hawa hupenda kuponyoka, na wengi huvutiwa na maji. Kuzama ni miongoni mwa sababu kuu za vifo vya wanaoponyoka. Wekeni zamu: kila saa awe na mtu mzima mmoja aliyetajwa kwa jina kuwa ndiye mlinzi. "Sote tunamtazama" huwa na maana kwamba hakuna anayemtazama. Andika nambari ya simu kwenye nguo yake au bangili. Akipotea, tafuteni majini kwanza, halafu kwingine.

CHAKULA NA MBU

Mtoto anayepaliwa alishwe akiwa ameketi wima. Kokwa za mabuyu, kashata na vipande vya nazi ni hatari kwake, na hata dafu, kwa kuwa ni jepesi, laweza kumpita njia ya hewa. Bebeni blenda ndogo au muulize jikoni kama chakula kinaweza kusagwa.

Pwani kuna malaria, na mtoto aliyelelewa Nairobi hana kinga nayo. Alale ndani ya chandarua kilichotiwa dawa na apakwe dawa ya kufukuza mbu jioni. Mwulize daktari kuhusu tembe za kinga. Mwenye kifafa asipewe meflokwini, kwani huweza kumwangusha, zipo nyingine. Wa seli mundu asikatize tembe zake za kila siku za proguanili. Homa yoyote katika mwezi mmoja baada ya kurudi ipimwe damu siku hiyo hiyo. Mwambie daktari mlikuwa Pwani.

MACHO YA WATU

Kuna wazazi wanaoweza kuyabeba hayo yote lakini wasiweze kubeba macho ya watu. Utatazamwa, na pengine utaambiwa mtoto wako anawasumbua wengine. Jua kwamba Kifungu cha 54 cha Katiba ya 2010 kinampa mwenye ulemavu haki ya kutendewa kwa heshima na kuweza kufika mahali pote pa umma na kutumia vyombo vya usafiri. Bunge lilitunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu mwaka wa 2003, na mwaka wa 2025 ikapatikana nyingine mpya mahali pake. Bebeni kadi ya Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, na msione haya kuomba mtoto apitishwe mbele ya foleni.

Kwingineko wamepiga hatua. Katika mji wa San Antonio, Marekani, mfanyabiashara Gordon Hartman alifungua Morgan's Wonderland mwaka wa 2010, bustani aliyoiita kwa jina la binti yake mwenye ulemavu. Wenye ulemavu huingia bure. Mwaka wa 2017 iliongezwa sehemu ya michezo ya maji, yenye viti vya magurudumu vinavyoendeshwa kwa hewa iliyoshindiliwa ili visiharibiwe na maji. Hatuna yake hapa. Lakini kila mzazi anayefika langoni na mtoto wake, akauliza mteremko uko wapi, anamkumbusha mwenye bustani kwamba wateja hawa wapo.

Neno la mwisho ni kuhusu nyinyi wenyewe. Msimchukue yaya kisha mkamwachia mtoto siku nzima. Gawaneni zamu, naye apate siku yake ya kupumzika. Ndugu zake pia watengewe saa zao na baba au mama, wasije wakamwona mwenzao kuwa mzigo. Na msijaribu kufanya kila kitu. Mchezo mmoja asubuhi, mapumziko mchana, ufuoni jioni jua likipoa: hiyo ni siku ya kutosha. Mtoto ambaye mawimbi yamemlamba miguu kwa dakika 20 na akarudi chumbani akiwa mzima amepata likizo kamili kama wenzake.